Jakaranda ya Kyungu, Flamboyani ya Kabange

Ninyi vijana mnaojenga Ruashi, mnaopaka rangi geti kabla ya kuweka milango ya vyumba, nimewazoea. Mnafika hapa kwangu Katuba Jumapili mkitoka misa, mnanisalimu vizuri, mnakunywa maji yangu, kisha mnaniuliza swali lile lile: "Tantine Feli, mu parcelle tupande jakaranda ao flamboyant?" Mnauliza habari ya kiwanja kama mtu aliyesimama dukani akichagua soda. Mnataka neno moja, mwende zenu.

Neno moja sina. Kazi ya kuotesha miti na kutunza bustani za watu niliianza kabla sijaolewa, nikaiacha magoti yaliponikatalia kuchuchumaa, na katikati hapo nimepanda jakaranda na flamboyani nyingi kuliko sufuria za bukari, ugali wetu, nilizopika. Basi kaeni. Mwenye haraka aende akapande migomba, hiyo haitamwangusha.

Nianze na uzuri, maana ndio unaowapofusha. Mwezi wa tisa ukielekea mwisho, hapa Lubumbashi vumbi linabaki hewani mpaka mbingu inakuwa nyeupe. Nyasi zimeungua, kila kitu kina kiu. Ndipo jakaranda, bila majani, bila hata tone la mvua, inatoa maua. Nilikuwa nikienda kazini kwa mguu asubuhi, nashuka barabara moja ya zamani yenye jakaranda pande zote mbili. Juu zambarau, chini zambarau, hata hewa ya katikati ilikuwa na rangi, nikawa sijui kama natembea au kama bado nimelala nyumbani kwangu. Ua la jakaranda likianguka halina haraka. Linazunguka, linasita, linatua begani, nawe unalibeba siku nzima bila kujua. Marehemu mume wangu alikuwa akinitoa maua nyweleni jioni na kuniuliza nilikuwa harusi ya nani.

Flamboyani haina ndoto hiyo. Yenyewe inangoja. Jakaranda inamaliza kumwaga maua yake, mawingu yanaanza kukusanyika upande wa Zambia, harufu ya mvua inatangulia mvua yenyewe, halafu siku moja unainua macho na mti mzima umewaka. Ni mwekundu, mpana, umetandaza matawi kama mama aliyetandika kitenge uani ili watoto walale. Mvua inayapiga maua yale, yanalala kwenye matope, na kwenye matope bado yanawaka. Mkiuliza moyo wangu, haujawahi kuchagua kati ya miti hii miwili. Lakini moyo wangu hauna ukuta wala shimo la choo, na nyumba zenu zinavyo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Muzee Ramazani. Babu yake alitoka Maniema, na yeye mwenyewe alikuwa na vitalu vya miche karibu na kijito, mwisho wa Katuba kule. Alikuwa fundi wa kila kitu kinachoota. Miche yake aliipanda kwenye makopo ya maziwa ya unga, akayapanga kwa mistari, na mkeka wake wa kuswalia ulikuwa kwenye nafasi kati ya mistari ile, hivyo mara nyingi aliinuka kutoka kwenye sala na majani kwenye ndevu. Mimi Mkatoliki, yeye Mwislamu, hatukugombana hata siku moja isipokuwa juu ya maji. Mimi nilipenda kumwagilia miche. Yeye alisema naizamisha.

Mbegu ya jakaranda ni nyepesi kama karatasi ya sigara, na ina mabawa. Muzee aliipanda asubuhi isiyo na upepo, akanikataza kusema. Nikicheka, aliniangalia vibaya.

"Feli, usicheke pa hii mbegu. Iko na mabawa. Ukicheka itavuka mupaka ya Zambia ku Mokambo bila kuonyesha karatasi."

Ya flamboyani ni kinyume. Ni ngumu kama kokoto, usipoiamsha inalala ardhini mpaka wakati wa wajukuu wako. Muzee aliiloweka kwenye maji ya moto, yale yaliyobaki baada ya kupika chai, akaacha birika na mbegu ndani yake mezani mpaka kesho yake. Sasa shemeji yake mmoja alifika kutoka safarini, akakuta birika, akajimiminia kikombe, akatia sukari ya kutosha, akanywa. Sisi tulikuwa nje. Alipotoka alisema kwa heshima, "Chai yenu ya Lubumbashi ni ya muzuri, ila majani munaweka kidogo sana." Muzee hakucheka. Alimwambia, "Kaa kivulini, shemeji, utaanza kuota." Mpaka alipoondoka mgeni yule hakuelewa kwa nini nilikuwa nimejificha nyuma ya makopo.

Lakini jambo kubwa alilonipa Muzee ni hili, mlishike. Jakaranda na flamboyani zikiwa ndogo zinafanana kama mapasa, watoto mapacha. Zote mbili zina jani lile la manyoya, laini, linalotikisika hata ukipumua. Watu wengi wa mji huu hawawezi kuzitofautisha, na kosa lao ni moja: wanakwenda chini ya mti wanaoupenda, wanachimba mche uliojiotea pale, wanaamini kwamba kilichoota chini ya jakaranda ni jakaranda. Wanasahau kwamba upepo na watoto hubeba mbegu. Muzee alinifunga macho kwa leso, akaniambia nipitishe kidole kwenye shina. Majani ya jakaranda hutoka mawili mawili, yanatazamana, moja huku na moja huku. Ya flamboyani hayatazamani. Linatoka moja upande huu, jingine juu kidogo upande ule. Kisha gusa ncha ya kipande kimoja kidogo cha jani: ya jakaranda inachoma, ya flamboyani ni ya mviringo.

"Jicho iko na hamu," aliniambia, "inaona kile inapenda. Kidole haina hamu."

Sasa niwaambie juu ya Mama Mapasa, maana hapo ndipo lilipo jibu lenu.

Alikuwa mama wa kwetu, Muluba wa kaskazini, binti wa mtu wa reli. Mume wake, Papa Banza, alifanya kazi mgodini, na walikuwa kati ya watu wa kwanza kujenga upande ule wa Ruashi kulipokuwa bado kuna vichuguu vikubwa kuliko nyumba. Mungu akawapa mapasa wa kike: Kyungu akatangulia, Kabange akafuata. Ninyi mliozaliwa mjini labda wazazi wenu hawakuwaeleza sana, kwa hiyo nieleze. Kwetu mapasa ni kama wageni wakubwa waliofika nyumbani bila kutangaza. Unachompa mmoja umpe na mwenzake, siku ile ile, kipimo kile kile. Ukimsalimu huyu, msalimu na huyu. Ukimbeba mmoja mwingine akabaki chini, umeanza matata, na wazee wanasema aliyeonewa anaweza kuchoka na kurudi alikotoka.

Siku ya kuwatoa watoto nje, nkambo wao, mama yake Mama Mapasa, alifika na miche miwili. Alikuwa ameichimba mwenyewe chini ya jakaranda za barabarani, karibu na nyumba za zamani za wafanyakazi alikoishi. Akaipanda kwa mikono yake, mmoja kila upande wa geti. Wa kulia wa Kyungu, wa kushoto wa Kabange. Akaimwagilia kwa kikombe kimoja, akigawa sawasawa. Kabla watoto hawajaota meno, nkambo yule akafariki.

Mimi niliitwa mwaka uliofuata, mwezi wa sita, kwenye ile baridi inayofanya nyasi za mabondeni ziwe nyeupe alfajiri. Nilimkuta Mama Mapasa amesimama getini na mkoba wa hospitali mkononi. Hakunikaribisha ndani.

"Tantine, angalia. Ile ya Kyungu iko muzima. Ile ya Kabange inakauka. Na Kabange mwenyewe iko ku hôpital, banasema iko SS."

SS mnaijua, ni ule ugonjwa wa damu anaozaliwa nao mtoto, mifupa inamuuma mpaka analia bila sauti, na macho yanageuka manjano. Ndugu yake Kyungu hakuwa nao. Kabange alikuwa nao.

Nikachuchumaa. Mche wa kulia ulikuwa kijani. Wa kushoto majani yake yalikuwa yameungua, meusi kwenye ncha. Nikafumba macho kama nilivyofundishwa, nikapitisha kidole. Majani hayakutazamana. Nikarudia, kwa sababu sikutaka kusema nilichokuwa nalazimika kusema.

"Mama Mapasa, hii haina jakaranda. Ni flamboyant."

Aliketi juu ya rundo la matofali. Nilidhani atalia, hakulia. Alikuwa anafikiri, na nilizijua fikira zake kwa sababu na mimi ni wa kule kule. Mapasa walikuwa wamepewa vitu viwili tofauti tangu siku ya kwanza. Mmoja alipewa mti unaovumilia baridi, mwingine mti unaoiogopa. Kuuacha ni kuendelea kumwonea Kabange. Kuung'oa na kupanda jakaranda nyingine, je?

"Nani anaweza kungoa muti ya mutoto mugonjwa?" akauliza. "Weye utaweza?"

Nikamwambia kweli sitaweza. Kisha nikamweleza kazi yangu ilivyo. Flamboyani changa inateseka na baridi, na daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba baridi hiyo hiyo inaamsha maumivu ya watoto wa SS. "Ni baridi njo inabapiga bote mbili," nikamwambia. "Haina muti iko inapiga mutoto, haina mutoto iko inapiga muti." Nilisema vizuri kabisa, kwamba si mti unaompiga mtoto wala mtoto anayeupiga mti. Lakini mtu mwenye hofu husikia nusu ya maneno. Alichosikia ni kwamba mti na mtoto wanapigwa pamoja, basi wanaishi pamoja.

Mche ule tukauokoa. Sikilizeni vizuri, maana kwenye mabonde ya Ruashi mtakuja kuhitaji. Mwezi wa tano uishapo, jengea flamboyani changa kibanda cha nyasi kavu na magunia ya unga, ukiache wazi upande wa jua la asubuhi. Shinani weka majani makavu. Maji umpe asubuhi jua likiwa limepanda, usimpe jioni, hutaki alale na miguu yenye maji. Udongo wa kichuguu uuchanganye na mchanga, peke yake unashika maji mno. Na samadi usitie karibu na baridi: inamdanganya mti atoe machipukizi laini, halafu baridi inayakuta uchi. Mwezi wa nane joto lilipoanza kurudi, kijiti kile cheusi kikachungulia na jani moja. Wiki ile ile Kabange akarudi nyumbani. Msiniulize Mama Mapasa aliushukuru upande gani kwanza.

Tangu hapo kila mwaka baridi ikikaribia alinipigia simu. "Tantine, kuya uvalishe mutoto nguo." Nami nilijua mtoto gani. Nilifika na nyasi zangu na kamba, na pale barazani nilimkuta Kabange amevalishwa sweta juu ya sweta, kofia mpaka machoni, chupa ya maji mapajani kwa sababu aliambiwa anywe siku nzima. Alinitazama nikivalisha mti wake. Wawili wale walitazamana, mmoja na sufu, mmoja na nyasi, jua jepesi la mwezi wa sita likiwa juu yao, na uani palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia nyasi zikikatika mikononi mwangu. Siku zile nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka homa, kwa mbali, na kila kitu kina ukungu pembeni.

Kyungu hakuwa na ukungu wowote. Alikimbia peku, akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Na yangu?" Kwa sheria ya mapasa alikuwa na haki. Basi mimi, mwenye kazi yangu, nikaivalisha nyasi jakaranda ambayo haikuhitaji hata leso. Ikakaa pale inatoka jasho kama mchumba aliyekuja na koti zito siku ya joto. Nikimaliza kuwavalisha nilimwona Papa Banza anageuka upande ili nisimwone akicheka.

Miaka ikaenda hivyo. Kabange alikuwa mtoto wa maneno machache. Leo ni mwanamke mzima, anashona nguo mjini na mdomo wake hauna breki, lakini wakati ule maneno yalimtoka moja moja. Siku moja nafunga kamba akaniambia, bila hasira, kama anavyosema mtu kwamba leo kuna upepo:

"Tantine, mifupa ikiniuma, mama anatokaka kwanza kuangalia muti. Kiisha njo anakuya kwangu."

Nikakaza kamba. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sikutaka kumhukumu mama ambaye nilijua anavyolala kwenye vigae vya hospitali. Alimpa dawa kwa saa zake, alimpeleka kwa daktari, alimkanda miguu. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba akimkanda mtoto macho yake yalikuwa dirishani.

Kisha jakaranda ikatoa maua. Nilipita asubuhi ile nikielekea kwa mteja mwingine, nikaona kutoka mbali kitu cha zambarau juu ya ukuta, chepesi, kama moshi uliosahau kupanda. Nikaingia nikifurahi. Nilimkuta Mama Mapasa ana fagio. Alikuwa anafagia maua kabla Kabange hajaamka, ili mtoto asione kwamba wa mwenzake umechanua na wake bado. Lakini nani amewahi kuifagia jakaranda? Anasukuma rundo huku, nyuma yake yanashuka mengine, polepole, yanamtua mgongoni. Alifagia mpaka akachoka, akasimama katikati ya zambarau ile ameshika fagio, maua yakaendelea kumwangukia. Kyungu alipotoka na kuokota machache ya kuweka nyweleni, mama yake alimkatalia. "Ngoja ya mwenzako," alimwambia.

Wakangoja. Flamboyani iliyopigwa baridi kila mwaka inachelewa, na hii ilichelewa sana. Ilipanda juu, ikapanuka, ikavuka ukuta, ikawa na kivuli cha kutosha kufanyia kikao cha familia, lakini ua hata moja haikutoa. Kila mwaka jakaranda ilichanua, kila mwaka fagio likatoka, na mapasa walikua katikati ya hayo bila kusherehekea msimu wowote.

Hapa sasa mnifuate, ninyi wa jakaranda ao flamboyant. Mizizi ya jakaranda haina adabu kamili, lakini mpe hatua chache kutoka ukutani mtaishi naye. Flamboyani mizizi yake inatembea juu juu, minene kama paja, na inafuata maji. Maji yako wapi kwenye kiwanja cha Ruashi? Kwenye shimo la choo. Nilikuwa na mteja mwingine aliyejisifu kwa wageni kwamba flamboyani yake inachanua kuliko ya jirani, mpaka siku wageni walipoomba kwenda msalani. Kwa hiyo kiwanja kidogo, jakaranda. Kiwanja kikubwa, shule, parokia, panda flamboyani katikati mbali na kila kitu, na chini yake usipoteze mbegu za nyasi, hazitaota. Nkambo hakuyajua hayo. Alipanda mche kushoto kwa geti, na kushoto kwa geti ndipo Papa Banza alipochimba shimo la choo.

Ukuta ulianza kwa ufa mwembamba. Halafu sakafu ya shimo ikainuka upande mmoja, choo kikawa kinarudisha maji machafu. Papa Banza, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, aliniita kama shahidi mbele ya mke wake.

"Tantine, ambia bibi yangu. Hii muti inabomoa nyumba."

"Ukikata ile muti," Mama Mapasa akajibu, "anza kwanza na miye."

Nikapendekeza tuchimbe mtaro tukate mizizi ya upande wa nyumba. Papa Banza akakubali haraka, na mimi nikachimba kidogo, nikaona, nikafukia. Flamboyani ukiikata mizizi upande mmoja inabaki imesimama kwa heshima tu. Tufani ya kwanza ya mvua inailaza, na hii ingelala juu ya chumba cha wasichana. Niliwaambia wote wawili pale pale. Mama Mapasa akanitazama kama mtu aliyesalitiwa. Miaka yote nimeulinda mti ule, na sasa nasema hivyo.

Papa Banza hakumshinda kwa maneno. Alimleta tu fundi wa kukata miti, mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, akaniomba nisimamie ili mti usiangukie nyaya za umeme. Mama Mapasa alikuwa amesimama ameegemea shina, kitenge amekifunga kwa nguvu. Fundi aliweka msumeno chini, akawasha sigara. Hakuna mtu anayeweza kumsukuma mama mapasa.

Aliyetoka ni Kabange. Alikuwa anamaliza shule mwaka ule, mrefu kuliko mama yake, anatembea polepole kwa sababu nyonga ilikuwa inamsumbua. Kyungu alikuwa nyuma yake amemshikia chupa ya maji.

"Mama," Kabange akasema, "ile ni muti. Miye njo Kabange."

Mama yake akazidi kuliegemea shina.

"Wakati muti iko muzuri, unafurahi, hata miye naumwa. Wakati majani inaanguka, unalia, hata miye niko nacheka. Nimechoka, mama. Papa, akate tu."

Hakulisema kwa ukali. Kyungu alianza kulia, Kabange hakulia. Mama Mapasa aliachia shina, akapita katikati yetu, akaingia ndani na kushusha pazia. Fundi akanitazama mimi, mimi nikamtazama Papa Banza, naye akaitikia kwa kichwa.

Tulikata tawi kwa tawi, tukilishusha kwa kamba. Ni kazi ya polepole na siku ilikuwa na joto lile la mwezi wa kumi linalofanya kila kitu kionekane kipo ndani ya maji. Ng'ambo ya geti jakaranda ilikuwa inamwaga maua yake ya mwisho, nayo yakatua juu ya matawi ya flamboyani yaliyolala chini. Kilele tulikiacha mwisho. Kilele kiliposhuka nikasogea kukata kamba, nikaona. Kwenye ncha za matawi kulikuwa na vishada vya vifundo vya kijani, mviringo, kama shanga. Nikapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kulikuwa na wekundu.

Nilitaka kuvifunika kwa gunia. Lakini pazia lilikuwa limeinuka, na Mama Mapasa alikuwa ameshatoka. Aliokota tawi, akakiona nilichokiona, akaketi chini kwenye vumbi la mbao na tawi lile mapajani.

"Ilikuwa inataka kutoa maua," akasema. "Ilikuwa imebakia kidogo."

Uso wake ulinitisha, niseme kweli. Niliogopa kwamba mwanamke huyu hatainuka tena pale. Papa Banza alivua kofia, akakaa nayo mkononi asijue la kufanya.

Kabange akachuchumaa mbele yake, taratibu, akishika nyonga. Akaliondoa tawi mapajani mwa mama yake, akaliweka pembeni bila kulitupa, akaweka mikono yake mwenyewe mahali pale.

"Niangalie, mama."

Mama Mapasa akainua macho. Alimtazama mtoto wake kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma jina la kituo kutoka dirisha la treni inayosimama. Akanyoosha mkono, akamshika kidevu, akamgeuza kidogo upande wa mwanga.

"Macho yako iko manjano," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu zamani, mama."